Ratiba yenye mlango wa kurudi: shajara ya wiki 12, Nairobi

Mradi wenyewe

Kutengeneza ratiba ya wiki 12 ya kumrudisha barabarani mkimbiaji wa kawaida aliyeteguka kifundo cha mguu, au aliyekaa nje miezi mingi kwa ugonjwa, kazi au msiba. Ana watoto shuleni, saa 12 asubuhi yuko stejini akingoja matatu, na vifaa alivyo navyo ni ngazi za ploti, jerikeni na begi la mgongoni. Mwisho wa wiki ya 12 awe anakimbia dakika 30 bila kusimama, mara 3 kwa wiki, na awe anajua la kufanya siku ratiba itakapovunjika. Hilo la pili ndilo linalotusumbua zaidi. Ratiba nyingi zinaandikwa kana kwamba hakuna wiki itakayoharibika.

Wiki 0: nani aanze, nani asubiri

Kabla ya dakika moja ya kukimbia, kifundo kichunguzwe. Madaktari hutumia kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuamua nani apigwe eksirei. Bonyeza mfupa wa fundo la nje na la ndani, kwenye ncha na ukingo wa nyuma, sentimita 6 za mwisho kwenda chini. Kisha bonyeza kitako cha mfupa unaoelekea kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa mguu, na mfupa uliochomoza kidogo upande wa ndani juu ya upinde wa wayo. Mfupa ukiuma hapo, au mtu akishindwa kupiga hatua 4, aende hospitali akapigwe picha. Kano iliyovutika na mfupa uliopasuka huvimba kwa namna ile ile, na macho hayatoshi kuvitofautisha.

Tumeongeza onyo kuhusu kukandwa. Katika siku 2 au 3 za mwanzo, kukandwa kwa nguvu na mafuta moto kunazidisha damu kuvuja ndani na uvimbe unakua. Kwa siku hizo: bendeji, mguu uinuliwe juu ya mto, barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 10 hadi 15, na kutembea kidogo kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kulala kitandani wiki nzima hakusaidii pia, kwa sababu kano hupona vizuri zaidi zikipewa kazi kidogo kidogo.

Vigezo vya kuingia ni vinne: kutembea kwa haraka dakika 30 bila kuchechemea, kusimama kwa mguu ulioumia sekunde 30 bila kushika ukuta, kuinua kisigino kwa mguu huo peke yake mara 20, na kurukaruka papo hapo kwa mguu huo mara 10 bila maumivu makali. Anayeshindwa kimoja abaki kwenye kutembea na mazoezi ya ngazi (yameelezwa wiki ya 6) hadi akipite. Kigezo cha visigino ndicho kinachowakwamisha wengi. Shavu la mguu lililopumzika hunyong'onyea haraka, na mwenyewe hajui kwa sababu kutembea hakulidai nguvu nyingi.

Wiki 1 na 2: pumzi inadanganya

Dakika 1 ya kukimbia, 2 za kutembea, mara 8. Jumla dakika 24, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kabla yake, dakika 5 za kutembea kwa haraka.

Malalamiko ya wiki ya kwanza ni kuhema. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu akiacha mazoezi, ujazo wa damu unaanza kupungua ndani ya wiki 2 za mwanzo, ndiyo maana mlima mdogo wa barabarani unamkaba. Lakini damu hiyo hurudi upesi. Kufikia wiki ya 2 pumzi imefunguka, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu kano na mifupa hujengeka kwa miezi. Moyo unasema tuongeze wakati kisigino bado kinajengwa. Wengi wanaoumia tena huumia katika pengo hilo, wakiwa na furaha kwamba wamerudi.

Kwa hiyo kasi hatuipimi kwa saa. Kipimo ni mdomo: uweze kumwelekeza mtu njia ya kutoka Muthurwa hadi Gikomba kwa sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukilazimika kuvuta pumzi katikati ya sentensi, punguza.

Maumivu tunayapa namba, 0 hadi 10. Hadi 3 wakati wa kukimbia ni sawa, mradi yasizidi kadiri unavyoendelea na yawe yamerudi yalikokuwa ndani ya saa 24. Kipimo cha kweli ni hatua za kwanza asubuhi, kutoka kitandani hadi chooni. Zikiwa ngumu kuliko jana, kipindi kinachofuata kinapungua kwa theluthi. Zikiwa vilevile, endelea.

Wiki 3

Dakika 2 za kukimbia kwa 2 za kutembea, mara 7. Kanuni ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki haitusaidii hapa: kutoka dakika 8 za kukimbia hadi 14 ni ongezeko la asilimia 75, na bado ni kazi ndogo. Kwa kiasi kidogo namna hii hatua za asubuhi zinaeleza zaidi kuliko asilimia.

Tatizo jipya ni ukingo wa barabara. Lami huinamishwa pembeni ili maji ya mvua yatiririke mtaroni, kwa hiyo anayekimbia ukingoni anakanyaga mteremko dakika zote na kifundo kimoja kinapinda kwa nje kila hatua. Aliyeteguka hapo hapo atahisi. Tafuta njia tambarare ya waendao kwa miguu, uwanja wa shule, au vijia vya Msitu wa Karura kwa walio karibu nao. Tunautaja Karura kwa heshima: vijia hivyo vipo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya wanyakuzi wa ardhi mwaka 1999, wakapigwa, wakarudi tena.

Wiki 4: ratiba inavunjika

Mwisho wa Januari. Karo imelipwa nusu, kodi inadaiwa, maji yamekatwa kwenye mitaa kadhaa ya Eastlands na watu wanabeba jerikeni usiku. Karatasi ambazo wakimbiaji wa kundi letu wanajaza vipindi vyao zimerudi na mapengo, yaani siku zilizokosekana. Toleo la kwanza la ratiba halikuwa na neno hata moja kuhusu pengo, na hilo ni kosa letu wenyewe. Tumesimamisha ongezeko la wiki hii na kuandika toleo la pili.

Mapengo yanawaponza watu kwa njia mbili. Wapo wanaolipiza: vipindi viwili vilivyokosekana vinabanwa kwenye Jumamosi moja, dakika 56 badala ya 28, na Jumapili kisigino kimevimba. Wapo wanaosubiri mwanzo safi: Jumatatu, tarehe mosi, mwezi ujao. Siku 2 zilizokosekana zinakuwa 12. Njia hii ya pili ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu haina maumivu ya kumshtua mtu.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu wakijenga zoea jipya. Ilichukua wastani wa siku 66 kwa zoea kukaa, wengine siku 18, wengine ikakadiriwa 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana. Sentensi hiyo ya mwisho sasa iko juu kabisa ya karatasi, kabla ya dakika zozote.

Kwanza, chini yake iko njia ya kurudi, kulingana na urefu wa pengo. Ukikosa siku zisizofika 7, endelea pale ulipokuwa, wala usilipize chochote. Pengo la wiki 1 hadi 2, rudi hatua moja nyuma na uirudie wiki nzima. Pengo la wiki 2 hadi 4, kata nusu ya dakika za kukimbia za hatua uliyokuwa nayo, kisha panda kwa kawaida. Zaidi ya wiki 4, rudi kwenye vigezo vinne vya wiki 0. Ukivipita vyote, anza wiki ya 1. Anayejua mapema kwamba pengo la siku 10 linagharimu hatua moja tu hana sababu ya kuona kila kitu kimeharibika.

Pili, mipango ya "ikiwa, basi". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia iliyofungwa kwenye mahali na saa hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyoachwa wazi. Kila mtu anaandika mitatu, kwa mkono wake, kuhusu vikwazo anavyovijua. "Ikiwa nitafika nyumbani baada ya saa 2 usiku, basi nitafanya dakika 10 za kuinua visigino ngazini, na mbio zihamie kesho." "Ikiwa nimepangiwa zamu ya usiku, basi nitakimbia nikiamka saa 9 alasiri, si nikitoka kazini asubuhi." Mpango usiotaja mahali wala saa tunaurudisha kwa mwenyewe. "Ikiwa nitachoka, basi nitajitahidi" haufai: haumwambii mtu asimame wapi wala afanye nini.

Tatu, kipimo cha chini. Siku mbaya kabisa ina dakika 10: visigino seti 2, kusimama kwa mguu mmoja, na kutembea hadi dukani na kurudi. Dakika 10 haziongezi uwezo wa kukimbia. Zinashikilia nafasi ya mazoezi ndani ya siku, ili kesho yake mtu asianze upya kutafuta nafasi hiyo.

Nne, safu ya mzigo. Kila kipindi kina alama: dakika mara ugumu wa 1 hadi 10. Dakika 28 kwa ugumu wa 4 ni 112. Tumeongeza kando yake saa za usingizi na uzito wa siku, 1 hadi 5, kwa mambo yote yasiyo mazoezi: deni, mgonjwa hospitalini, kugombana na mwenye nyumba. Mwili unalipia yote hayo kutoka mfuko mmoja. Kipindi kile kile cha dakika 28 kinaandikwa ugumu 4 wiki ya utulivu na 7 wiki ya msiba, na kifundo ni kile kile. Kanuni: usingizi chini ya saa 5 kwa siku 2 mfululizo, au uzito wa 5, kipindi kinageuka kutembea. Na kinaandikwa kama kipindi kilichofanyika.

Wiki 5

Dakika 3 kwa 2, mara 6. Hakuna kilichobadilishwa isipokuwa chakula. Chai na mandazi asubuhi, kisha mchana mzima bila kitu, ni mtindo unaoonekana kwenye karatasi nyingi. Anayejenga upya misuli anahitaji takribani gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 65, gramu 78 hadi 104 kwa siku. Mayai 2 yana kama gramu 12, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama 15. Ndengu, omena na maziwa vinaingia hapo bila kuvunja bajeti. Igawe mara 3 au 4 kwa siku badala ya kuingoja sahani ya usiku.

Wiki 6: ngazi, begi na tyubu

Dakika 5 kwa 2, mara 4. Mazoezi ya nguvu, ambayo yalikuwa mstari mmoja kwenye toleo la kwanza, sasa yana ukurasa wake. Yanafanywa siku zisizo za kukimbia.

Kisigino ngazini. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mbele ya wayo. Panda kwa miguu yote miwili, hamisha uzito kwenye mguu ulioumia, shuka kwa huo peke yake ukihesabu 3. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, kisha seti 3 za mara 15 likiwa limekunjwa kidogo. Goti lililokunjwa linahamishia kazi kwenye msuli wa ndani zaidi wa shavu la mguu, na huo ndio unaobeba mbio za polepole. Seti zote zikipita bila maumivu kuzidi 3, tia pakiti moja ya unga ya kilo 2 kwenye begi. Wiki inayofuata tia nyingine.

Yanayoharibika: kudunda chini badala ya kushuka taratibu, ambako kunaikwepesha kano kazi yenyewe, na kuning'inia kwenye reli ya ngazi, ambako mikono inabeba uzito. Gusa ukuta kwa vidole viwili tu. Ikiwa maumivu yako nyuma kabisa, pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Fanya sakafuni. Kushuka chini zaidi kunaibana kano kwenye mfupa na maumivu yanaongezeka.

Tyubu ya baiskeli. Kata kipande cha mita 1, funga mguu wa kitanda, pitisha mbele ya wayo, uvute kwa upande wa nje bila kuzungusha goti. Seti 3 za 15. Misuli ya pembeni ya ugoko ndiyo inayokishika kifundo kabla hakijapinduka, na baada ya kuteguka huwa inachelewa kuitikia. Kwa hiyo ongeza zoezi la usawa wa mwili: simama kwa mguu mmoja dakika 2 za kupiga mswaki. Ikiwa rahisi, simama juu ya blanketi lililokunjwa mara 4. Ikiwa bado rahisi, fumba macho, lakini uwe karibu na ukuta.

Jerikeni ya lita 10 ina kilo 10 ikijaa. Beba moja mkono wa upande mmoja, tembea hatua 40, badilisha. Nyonga inalazimika kuushikilia mwili usiiname, na nyonga inayoinama humwaga uzito zaidi kwenye kifundo cha chini yake.

Wiki 7: viatu

Dakika 7 kwa 2, mara 3. Viatu vya mitumba vya Gikomba na Toi ni vizuri ukijua kuvikagua. Kiweke kiatu mezani, kitazame kwa nyuma: kisigino kikiinama ndani au nje, mwenye nacho wa kwanza alikwishakipinda, kiache. Bonyeza sponji ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao au ina mikunjo mingi ya kulala, imekufa hata kama soli ya chini ni mpya. Kunja mbele: gundi ikilia au ikifunguka, itaachia kabisa ndani ya wiki chache. Kuna viatu ambavyo havijavaliwa lakini vimekaa stoo miaka mingi, na sponji yake inamomonyoka kama keki kavu. Soli nzima isikudanganye.

Wiki 8: homa

Dakika 8 kwa 2, mara 3. Mafua yamepita kundini. Dalili za puani na kooni pekee, bila homa: tembea, au kimbia nusu. Homa, kifua, tumbo au maumivu ya mwili mzima: usikimbie kabisa. Mtu aliyetoka Kisumu, Busia au Pwani siku za karibuni akapata homa, akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Kuishi Nairobi hakumkingi na mbu wa alikotoka. Baada ya homa kuisha, subiri saa 24 kamili bila dawa ya kuishusha, kisha fanya siku nyepesi sawa na idadi ya siku ulizougua. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ukiwa umeketi ni ya daktari.

Mapigo ya moyo ya asubuhi yanasaidia hapa. Kabla ya kuinuka, hesabu sekunde 30 kwenye kifundo cha mkono, zidisha mara 2. Siku 7 za kawaida zinakupa wastani wako. Yakiwa juu ya wastani kwa 8 au zaidi, leo ni kutembea.

Wiki 9: lengo limeandikwa upya

Dakika 12 mara 2, dakika 1 ya kutembea katikati. Tumefuta kwenye karatasi maneno "kurudi kwenye kiwango chako cha zamani". Karatasi zilionyesha watu wakilinganisha kila kipindi na muda wao wa miaka 5 iliyopita, na kuacha.

Badala yake tumeweka mifano miwili yenye tarehe. Eliud Kipchoge alikosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London 2012. Hakung'ang'ania mbio za uwanjani: mwaka 2013 alihamia marathoni, akashinda Hamburg, na dhahabu ya Olimpiki ilikuja Rio 2016. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Doha 2019 alipata medali ya fedha katika mita 1,500, kisha mwaka 2021 akaitetea dhahabu yake ya Olimpiki huko Tokyo. Angalia miaka iliyo katikati. Hao wana makocha na watu wa kuwakanda, na bado ilichukua muda huo. Lengo jipya linahesabu vipindi: 3 kwa wiki, vyovyote vilivyo, hata vya kutembea.

Wiki 10 na 11: mvua

Dakika 14 mara 2, kisha 20 na 10. Masika yameanza. Udongo mwekundu wa upande wa Karura unateleza; ule mweusi wa Embakasi unanata hadi kiatu kinakuwa na uzito wa tofali, na mguu mzito unayumba kifundoni. Siku za matope, hamia lami au saruji na ukate dakika 5. Usipite kwenye maji yaliyotuama hata kama unaijua njia: mitaro isiyo na vifuniko haionekani, na mafuriko ya 2024 yalionyesha jinsi mito ya jiji inavyojaa kwa saa chache. Jua linachomoza karibu saa 12 na nusu, na asubuhi za mawingu giza hukaa zaidi. Kabla ya hapo, watu wawili au zaidi, hasa akina dada, au kipindi kihamie jioni.

Mbadala wa ndani: panda na ushuke ngazi za ghorofa 4 kwa kutembea, mara 6. Kushuka kunaacha mapaja yakiuma kuliko kupanda, kwa hiyo mara ya kwanza usizidishe.

Wiki 12: majaribio

Dakika 30 mfululizo, kasi ya mazungumzo. Siku 2 baadaye, majaribio ya mguu mmoja mmoja. Ruka mbele kwa mguu mmoja, utue juu ya mguu huo huo bila kuyumba, pima sentimita; mara 3, chukua ndefu zaidi. Mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake: mzima ukiruka 120, ulioumia ufike 108. Visigino mara 25 kila mguu. Aliyekimbia dakika 30 lakini akapata asilimia 80 kwenye kuruka anaruhusiwa kuendelea na mbio tambarare. Mpira wa miguu, vijia vya mawe na mbio za kasi asubiri, na ukurasa wa ngazi aendelee nao wiki 6 zaidi.

Kwa toleo la tatu, njia ya kurudi inahamia ukurasa wa kwanza na dakika za kukimbia zinakwenda nyuma yake. Safu ya uzito wa siku inabaki. Mapigo ya moyo yanakuwa ya hiari, maana wengi waliacha kuyaandika kufikia wiki ya 10. Duru inayofuata inaanza Juni. Kwa baridi ya Juni na Julai, kutembea kwa haraka kabla ya kukimbia kunapanda kutoka dakika 5 hadi 8, na soksi ndefu zimeongezwa kwenye orodha ya vifaa.